Kuusoma Mtutu wa Gobore Usiojulikana Asili

Jembe likigonga mtutu wa gobore shambani Manyoni au Itigi, wa kwanza kuitwa ni polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inatosha kuwa sababu, lakini ipo nyingine: gobore huachwa likiwa limeshindiliwa, na baruti nyeusi iliyobaki kavu hulipuka hata baada ya miaka mingi. Usichokoe kitundu chake, wala usiupeleke kwa fundi akaupashe moto. Mkaguzi husimama pembeni, akaingiza kijiti taratibu kupitia mdomoni hadi kigote, akakitia alama, kisha akakilaza sambamba na mtutu kwa nje. Kikiishia mbali kabla ya kitundu cha moto, ndani kuna kitu.

Kuwepo kwake huku si ajabu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Kilimatinde na kukata pori la Mgunda Mkali, na misafara haikutembea bila bunduki. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kujazwa nyuma katika miaka ya 1860, yale magobore yaliyotupwa yaliuzwa kwa wafanyabiashara, na mengi yakaingia bara kupitia Unguja.

Katika kukadiria umri wa mtutu ndipo wengi wanapopotea. Wanaona kitundu kidogo ubavuni, dalili ya gumegume lililowashwa kwa cheche za jiwe, wanasema huu ni wa zamani sana. Wakiona chuchu ya kuvikia fataki, wanasema huu ni wa juzi. Kwa Ulaya, hesabu hiyo ingekaribia ukweli. Kwetu inaweza kuwa kinyume kabisa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa gumegume lisilo na mifereji ndani. Viwanda vya Liège, Ubelgiji, vikaendelea kuyatengeneza magumegume hayo kwa soko letu wakati Ulaya ilishayasahau. Kwa hiyo gumegume la Manyoni linaweza kuwa dogo kwa umri kuliko bunduki ya fataki iliyookotwa kijiji cha pili.

Ushahidi wa kuaminika uko upande wa nyuma wa mtutu, hasa sehemu iliyofichwa na ubao. Paka chaki, ifute juu juu, kisha mulika tochi kwa ubavu ili mikwaruzo itoe kivuli. Herufi ELG ndani ya umbo la yai ni alama ya majaribio ya Liège. Zikiwa na taji juu yake, mtutu ulipimwa 1893 au baadaye. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji huelekeza Birmingham, ambako nyumba ya majaribio ilianzishwa 1813. Tundu la milimita 14.7 hivi, lenye mifereji mitatu mipana, ni la Enfield ya 1853.

Usipopata alama, usikimbilie kusema ni wa Mjerumani. Angalia umbo. Mitutu ya kiwandani huwa minene nyuma na kupungua kuelekea mdomoni. Unene ukiwa sawa mwanzo hadi mwisho, na ndani kuna mstari wa kuchomelea, huenda hilo ni bomba la maji na kazi ya mhunzi wa hapa. Mimi siuhesabu mtutu huo kuwa wa thamani ndogo: mhunzi aliyejua kuziba nyuma ya bomba hata lihimili baruti anastahili kuandikwa pamoja na Birmingham.

Kinachonisikitisha ni msasa. Mtu anaung'arisha mtutu ili upendeze, na taji la Liège linaondoka na kutu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inazihesabu kama malikale vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Iwapo mtutu uko upande huu au ule wa mwaka huo, mara nyingi kinachoamua ni alama ndogo kuliko ukucha, na Makumbusho ya Taifa hayataweza kuisoma ikishasuguliwa.