Kidonge Kimoja, Bei Tatu: Wazee Wetu Marekani na Gharama za Dawa

Eliquis ni kidonge cha kuzuia damu isigande. Humezwa mara mbili kwa siku, na wengi wanaokitumia ni wazee ambao mapigo ya moyo wao yamepoteza mpangilio. Tangu Januari 1, 2026, bei yake kwa wenye bima ya dawa ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee nchini Marekani, ni dola 231 kwa dozi ya siku 30, baada ya serikali kujadiliana na watengenezaji. Hiyo ni bei ya dawa. Anachotoa mgonjwa mfukoni ni habari nyingine kabisa.

Chukua mzee mwenye bima ya dawa ya kiwango cha kawaida, ile inayomtaka ajilipie mwenyewe dola 615 za mwanzo wa mwaka kabla bima haijaanza kuchangia. Januari atalipa dola 231. Februari, 231 tena. Machi atamalizia zile 615 na kuanza kulipa robo ya bei, jumla dola 172.50. Kuanzia Aprili hadi Desemba ni dola 57.75 kila mwezi. Mwaka ukiisha atakuwa ametoa dola 1,154.25 kwa kidonge hicho peke yake. Jirani yake anayetumia kidonge kilekile, mwenye kipato kidogo na aliyejaza fomu moja ya Social Security, analipa dola 12.65 kila mwezi tangu Januari, yaani dola 151.80 kwa mwaka. Na kama jirani huyo ana Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na kipato chake hakizidi mstari wa umaskini wa serikali, analipa dola 4.90.

Kuna bima zenye masharti nafuu kuliko hiyo ya kawaida, na kuna zenye masharti magumu zaidi. Lakini pengo la dola elfu moja kwa dawa moja ni kubwa mno kuachwa lipite hivi hivi, hasa kwa mama mjane anayeishi kwa hundi ya Social Security huku akiwa na presha na sukari juu ya huo moyo.

Msaada anaoupata jirani huyo unaitwa Extra Help. Ulizaliwa pamoja na bima ya dawa ya Medicare, Part D, iliyoanza Januari 2006. Hadi mwisho wa 2023 ulikuwa na madaraja mawili, na baadhi waliangukia lile la chini lililosaidia nusunusu. Sheria ya 2022 ya kupunguza mfumuko wa bei ilifuta daraja hilo, na tangu Januari 2024 kila anayestahili hupata msaada kamili: hakuna kiasi cha mwanzo cha kujilipia, ada ya bima ya kila mwezi hulipwa yote au sehemu kubwa kutegemea bima uliyochagua, na dukani hulipi zaidi ya dola 5.10 kwa dawa ya jeneriki na 12.65 kwa dawa ya chapa kwa mwaka huu wa 2026. Gharama zako zikifika dola 2,100, unalipa sifuri kwa miezi iliyobaki.

Mipaka ya 2026 ni hii. Mtu asiye na mwenzi, kipato kisizidi dola 23,940 kwa mwaka. Wanandoa wanaoishi pamoja, dola 32,460. Akiba isizidi dola 18,090 kwa mtu mmoja na 36,100 kwa wanandoa, kiasi ambacho tayari kina dola 1,500 kwa kila mmoja zilizotengwa kwa ajili ya mazishi. Alaska na Hawaii mipaka ya kipato iko juu zaidi.

Hapo kwenye akiba ndipo wengi wetu hujitoa wenyewe kabla hata ya kuulizwa. Mtu ana nyumba aliyomalizia mkopo wake mwaka juzi, anasema mimi nina mali, hawanipi. Nyumba unayoishi haihesabiwi. Gari halihesabiwi. Samani, vito, kaburi ulilonunua mapema, bima ya maisha, vyote havihesabiwi. Kinachohesabiwa ni pesa iliyo benki, hisa, dhamana, akiba ya uzeeni unayoweza kuichota, fedha taslimu, na ardhi au jengo lisilokuwa makazi yako.

Hilo la mwisho linatugusa kuliko majirani zetu. Fomu inauliza kama una ardhi au jengo lolote mbali na nyumba unayoishi. Haisemi iwe Marekani. Kiwanja cha Kibaha, shamba la Eldoret, nyumba ya kupangisha Goma, vyote vinaingia kwenye swali hilo, na kodi unayopokea kwa wapangaji, ukishatoa gharama zake, ni kipato. Fomu husainiwa kwa kiapo, na kusema uongo ndani yake ni kosa la kisheria. Andika ukweli, na ukiwa na shaka kama mali ya ukoo ambayo jina lako halimo kwenye hati inahesabiwa, uliza kabla ya kusaini. Ushauri wa barazani kwamba "hawawezi kujua" ni ushauri wa mtu ambaye hatakuwepo barua itakapokuja.

Upande wa kipato mambo ni laini zaidi kuliko watu wanavyodhani. Vocha za chakula, msaada wa nyumba na wa umeme havihesabiwi. Tangu 2010, mtoto anayemlipia mzazi kodi ya nyumba au kumnunulia chakula hamwongezei kipato. Mshahara wa kazi ndogondogo hauhesabiwi wote. Na kuna swali ambalo watu hulipita haraka: ni ndugu wangapi wanaoishi nawe na kukutegemea kwa angalau nusu ya matumizi yao? Bibi anayelea wajukuu wawili nyumbani kwake ana mpaka mkubwa wa kipato kuliko bibi anayeishi peke yake. Wanaoishi nawe tu, lakini. Wale unaowatumia pesa Bukavu au Tanga kila mwezi hawamo, na pesa unazotuma hazipunguzi kipato chako hata senti. Naona ni sheria isiyojua familia zetu zilivyo, ila ndiyo iliyopo.

Maombi ni bure. Yanafanywa kwenye tovuti ya Social Security, kwa simu 1-800-772-1213, au kwa fomu ya karatasi yenye namba SSA-1020. Ukipiga simu sema unataka mkalimani wa Kiswahili. Wanatoa bila malipo, na si lazima umtoe mjukuu shuleni aje kutafsiri. Wenye Medicaid, wenye SSI (posho ya serikali kwa wazee na walemavu wasio na kipato cha kutosha), na wale ambao jimbo tayari linawalipia ada ya Medicare hawana haja ya kuomba. Wanaingizwa moja kwa moja, na barua hutumwa nyumbani.

Tarehe nayo ina pesa. Ombi likikubaliwa, msaada huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya mwezi ulioomba. Aliyeomba Mei 28 na kujibiwa Julai anahesabiwa tangu Mei 1, na kama tayari alikuwa na bima ya dawa anaweza kudai kurudishiwa alichozidisha. Kwa hiyo risiti za famasia zisitupwe. Ukikataliwa una siku 60 za kukata rufaa, na rufaa husikilizwa kwa simu.

Njia nyingine zinafaa nini mbele ya hii? Ya kwanza ina faida kubwa na inajulikana na wachache: mipango ya majimbo ya kulipia ada ya Medicare. Ada ya Part B, sehemu ya Medicare inayolipia madaktari, mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi, na hukatwa kabla hundi ya Social Security haijakufikia. Mwenye kipato kidogo anaweza kulipiwa na jimbo lake, na fomu ya Extra Help yenyewe hupelekwa jimboni kuanzisha ombi hilo, isipokuwa ukisema hutaki. Usiseme hutaki. Zaidi ya hapo, aliyekubaliwa na jimbo hupewa Extra Help bila kuulizwa akiba yake. Majimbo kadhaa, New York na Arizona yakiwemo, hayaangalii akiba hata kidogo katika mipango hiyo. Mzee wa Rochester, New York, mwenye dola 40,000 benki na pensheni ndogo atakataliwa akipita mlango wa Social Security, kisha akipita mlango wa jimbo atapata vyote viwili. Hapa ndipo pesa nyingi zaidi ilipo, kwa sababu ada peke yake ni zaidi ya dola 2,400 kwa mwaka.

Pili, majimbo machache yana mifuko yao ya dawa za wazee. Pennsylvania wana PACE, inayoendeshwa kwa fedha za bahati nasibu ya jimbo. New Jersey wana PAAD, ambayo jeneriki ni dola 5 na chapa dola 7. New York wana EPIC kwa wenye miaka 65 na kuendelea, na mpaka wake wa kipato ni dola 75,000 kwa mtu mmoja. Ukizidi mipaka ya Extra Help kwa kipato na unaishi katika mojawapo ya majimbo haya, hapo ndipo pa kwenda. Ukiwa hujazidi, anza na Extra Help. Mifuko hii mara nyingi huongeza juu yake.

Tatu ni kadi za punguzo na orodha za bei rahisi. Walmart huuza dawa nyingi za jeneriki kwa dola 4 za mwezi mmoja au 10 za miezi mitatu, na kampuni ya Cost Plus Drugs ya mfanyabiashara Mark Cuban, iliyoanza kuuza mwaka 2022, huuza jeneriki kwa bei ya ununuzi na nyongeza inayotajwa waziwazi. Kwa asiye na bima hii ni nafuu ya kweli. Hata mwenye bima anaweza kukuta metformin yake ya sukari ni rahisi zaidi pale kuliko kupitia bima. Ila kwa kawaida pesa hiyo haihesabiwi kwenye zile 615 wala kwenye ukomo wa 2,100, na kwa dawa ya chapa kama Eliquis kadi haikufikishi popote karibu na dola 12.65.

Nne ni mpango wa Medicare wa kulipa kwa awamu ulioanza 2025. Unagawanya gharama kwa miezi, haupunguzi chochote. Mwenye Extra Help hauhitaji.

Neno moja kwa wanaoogopa kuanza bima ya dawa sasa kwa sababu walichelewa. Faini ya kuchelewa ni asilimia 1 ya ada ya msingi, ambayo mwaka huu ni dola 38.99, kwa kila mwezi uliokaa bila bima. Miaka mitatu ya kuchelewa ni kama dola 14 kila mwezi, na huendelea muda wote utakaokuwa na bima hiyo. Mwenye Extra Help hatozwi faini hiyo.

Ukishapewa, ombi lingine linakwenda kwa daktari. Mchango wa dola 5.10 au 12.65 ni wa kila unapochukua dawa. Dawa za kudumu zikiandikwa za siku 90 badala ya 30, na bima yako ikiruhusu, unalipa mara nne kwa mwaka badala ya kumi na mbili. Eliquis ya dola 151.80 inashuka hadi 50.60. Insulini kwa yeyote mwenye Medicare haizidi dola 35 kwa mwezi tangu 2023, na kwa mwenye Extra Help mara nyingi ni chini ya hapo.

Sasa ndugu zetu waliofika kama wakimbizi, wengi wao kutoka Congo. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imebana Medicare. Inabaki kwa raia, wenye grini kadi na makundi mengine machache. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye hajabadilisha hadhi yake hawezi tena kuingia, na aliyekuwamo tayari atatolewa ifikapo Januari 4, 2027. Bila Medicare hakuna Extra Help. Sheria inamruhusu mkimbizi kuomba grini kadi baada ya kukaa nchini mwaka mmoja. Kama mzee wako amekaa miaka sita akisema karatasi zitasubiri, hazisubiri tena. Kwa mzazi uliyemleta mwenyewe kwa grini kadi, ambaye hakuwahi kufanya kazi Marekani, mlango ni kutimiza miaka 65 na miaka mitano mfululizo ya makazi. Hapo anaweza kujiunga na Part B kwa kulipia, kisha Part D, kisha kuomba msaada wa ada na wa dawa. Kabla ya hapo, kliniki za jamii zinazofadhiliwa na serikali kuu hutoza kulingana na kipato na nyingi huwa na dawa za bei nafuu.

Anayetaka kukaa na mtu wa kumwelekeza, kila jimbo lina ofisi ya ushauri wa Medicare isiyotoza chochote wala kuuza bima. Majina hutofautiana: Minnesota ni Senior LinkAge Line, Iowa ni SHIIP, California ni HICAP. Simu ya Medicare, 1-800-633-4227, itakuunganisha na ya kwako. Wakala wa bima anayekuja kanisani au msikitini na kalamu za zawadi ana kamisheni yake. Msikilize, lakini usisaini siku hiyo.

Barua ya mapitio hutumwa kwa baadhi ya wanaopokea msaada, kwa kawaida mwisho wa kiangazi, na majibu yanatakiwa ndani ya siku 30. Wapo wanaopoteza msaada kwa sababu tu bahasha ilikaa juu ya friji. Basi mkague barua za wazee wenu kila wiki, na fomu ambayo haijajazwa ijazwe kabla ya mwezi huu kuisha. Yeyote anayedai malipo kwa kuijaza ni tapeli.