Nyumba ya Akina Calvet

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawapeleka Barcelona, katika nchi ya Wakatalunya huko Hispania, mtaa wa Casp, nyumba namba 48.

Akina Calvet walikuwa matajiri wa vitambaa. Walitaka jengo moja litakalowatosha kwa yote: chini ghala na ofisi, ghorofa ya kwanza makazi yao wenyewe, na ghorofa za juu za kupangisha. Kazi wakampa msanifu majengo Antoni Gaudí, naye akaijenga nyumba hiyo kati ya 1898 na 1900.

Haya, tusimame mlangoni. Bila shaka mmeiona bobini ya uzi kwenye cherehani ya fundi. Basi tazameni nguzo hizi za mawe: zimechongwa mithili ya bobini zilizopandana, moja juu ya nyingine. Mteja hakuwa na haja ya kuuliza humu ndani kuna biashara gani. Nguzo zilikwisha kumjibu.

Ngojeni, msiingie bado, maana ninachokipenda zaidi kiko mlangoni. Chuma cha kubishia hodi kina umbo la msalaba, na pale unapogonga amekaa kunguni, naye wa chuma vilevile. Ukibisha hodi, msalaba unamshukia mgongoni, pa! Gaudí alikuwa mcha Mungu sana, na kunguni huyo aliwakilisha uovu. Kwa hiyo kila mgeni, awe amekuja kununua kitambaa au kula chakula cha jioni, aliupiga uovu kwanza ndipo akafunguliwa.

Sasa inueni macho. Juu ya mlango kuna herufi C ya jina la ukoo, na pale kwenye roshani kuna uyoga wa mawe, kwa sababu mzee Pere Màrtir Calvet alipenda sana kuchunguza uyoga. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki ujenzi ulipoanza, lakini wanawe hawakumsahau: kileleni kabisa mwa nyumba kuna kichwa cha mtakatifu ambaye mzee alipewa jina lake.

Hata viti vya mbao vya ofisini alivibuni Gaudí. Hakuona sababu ya mahali pa kazi kupewa uzuri pungufu kuliko sebule ya tajiri, na hapo mimi namuunga mkono kabisa.

Wageni wengi wa Barcelona hukimbilia nyumba zake nyingine, Casa Batlló na Casa Milà. Mkijaliwa kufika huko, msiipite hii. Mwaka 1900 Manispaa ya Barcelona iliichagua kuwa jengo bora la mwaka, na ilistahili.