Salamabila: Kebo nyembamba inakula umeme uliolipia

Jioni katika Salamabila, mbele ya nyumba za kuchaji simu, watu wanakuja kuchukua simu walizoacha asubuhi. Kuna ambaye anakuta simu yake imejaa. Mwingine anakuta betri iko kwa nusu tu, wakati simu ilikaa kwenye umeme kutwa nzima na pesa ililipwa. Lawama inaanguka kwanza kwa mwenye nyumba, kisha kwa jua, kisha kwa betri. Mara nyingi mwenye kosa ni kebo, ile kamba fupi ambayo ilinunuliwa sokoni bila kuangaliwa mara mbili.

Salamabila iko katika teritware ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya. Kwa wakaaji wengi wa hapa, sawa na wengi wa Kasongo, umeme hautoki kwenye nguzo za SNEL. Unatoka kwa paneli ya jua, kwa betri ao kwa grupu inayokunywa mafuta. Kwa hiyo kila chaji iko na bei yake.

Na simu si ya kusalimiana tu. Pesa za mtandao ziko ndani yake. Mchimbaji anaitumia kujua bei ya dhahabu kabla ya kutoka shimoni, mama muuza bidhaa anaitumia kuagiza mzigo, na dereva wa moto anapiga simu kuuliza kama njia iko salama mbele. Simu ikizimika usiku, nyumba nzima inabaki bila habari. Ndiyo maana kuchagua kebo na chaja, ambayo wengi huiita sharjeri, si jambo dogo.

Ndani ya kebo kuna nini

Kebo ya kawaida ya USB iko na nyuzi nne ndani. Nyekundu na nyeusi ndizo zinapitisha umeme. Nyeupe na kijani ni za kupitisha habari, kama picha na muziki, kutoka simu kwenda kompyuta. Kebo zingine za bei ya chini ziko na nyuzi mbili tu: zinachaji, lakini hazipitishi picha hata moja.

Jambo la kwanza la kuangalia ni unene wa zile nyuzi za umeme. Uzi mwembamba ni kama mrija mwembamba wa maji: hata tangi likiwa limejaa, maji yanatoka kidogo kidogo. Chaja ya kawaida inatoa volti 5. Kebo ya metre 1 yenye nyuzi nyembamba, zile zinazoitwa namba 28, inapoteza karibu volti 0,85 njiani wakati inapitisha ampea 2. Simu inapata volti 4 na kidogo tu. Kebo ya urefu uleule yenye nyuzi namba 24 inapoteza karibu volti 0,34. Simu ikiona volti zimeshuka, yenyewe inapunguza umeme inaoomba, na kuchaji kunakuwa kwa polepole sana.

Namba hizo wakati mwingine zimeandikwa kwenye ngozi ya kebo kwa herufi ndogo, pamoja na herufi AWG. Hapa wengi wanakosea: namba ndogo ndiyo uzi mnene. Kebo ya 24 ao 22 ni bora kuliko ya 28. Na urefu pia unahesabika. Kebo ya metre 2 inapoteza mara mbili ya ile ya metre 1 yenye nyuzi sawa. Kama haulazimiki kulala mbali na paneli yako, nunua kebo fupi.

Jambo la pili ni madini yenyewe. Shaba inapitisha umeme vizuri na inavumilia kukunjwa. Lakini kuna kebo ambazo ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwa macho ni rangi ileile. Aluminiamu inapitisha umeme karibu asilimia 60 tu ya ule wa shaba, na ikikunjwa mara nyingi inakatika mapema. Ukiwa na kebo iliyokufa nyumbani, ipasue na ukwaruze uzi wake kwa wembe: ukiona weupe chini ya rangi nyekundu, umejua ulichouziwa, na mara ijayo hautarudi kwa aina hiyo.

Shingo na kichwa

Kebo nyingi hazifi katikati. Zinafia shingoni, pale kamba inapoingia kwenye kichwa. Kwa hiyo angalia shingo kwanza. Iwe na mpira mrefu unaokunjika polepole, siyo plastiki ngumu inayoishia ghafla. Kamba yenye ngozi ya kusukwa kama kitambaa inalinda dhidi ya kukwaruzwa, lakini kama shingo ni dhaifu, ngozi nzuri haisaidii kitu.

Kisha angalia kichwa. Simu za zamani na simu ndogo za tochi ziko na tundu la micro-USB. Simu nyingi mpya ziko na USB-C, kichwa cha duara ndefu kinachoingia pande zote mbili. Aina zote mbili zilitengenezwa ili zivumilie kuingizwa na kutolewa mara 10 000, kama zimetengenezwa kwa kufuata sheria. Kichwa cha micro-USB kiko na vidoko viwili vya chuma ambavyo vinashika ndani ya simu. Vikilegea, kebo inaanza kuanguka, na mwenye simu anaanza kuiweka jiwe juu yake ao kuifunga na mpira. Wengi wanadhani tundu la simu limekufa. Waliotengeneza aina hii walitaka kebo ichakae kabla ya simu, kwa sababu kebo ndiyo ya bei ndogo. Kabla ya kumlipa fundi abadilishe tundu, jaribu kebo mpya ya jirani.

Tena, katika nchi za Umoja wa Ulaya, toka tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko lazima ziwe na tundu la USB-C. Kwa hiyo anayenunua simu leo, achague ya USB-C kama uwezo unaruhusu: kebo moja nzuri itatumika na watu wote wa nyumba.

Kusoma chaja

Kwenye chaja kuna maandishi madogo ambayo watu wachache wanasoma. Mstari wa kwanza unaonyesha umeme unaoingia. Iandikwe 100 mpaka 240 V. Chaja ya namna hiyo inavumilia grupu inayopanda na kushuka. Mstari wa pili unaonyesha umeme unaotoka. Chaja ya 5 V na 1 A inatoa wati 5. Ile ya 5 V na 2 A inatoa wati 10. Simu yenye betri ya 5 000 mAh inataka zaidi ya masaa 4 kwa chaja ya wati 5, na kama masaa 2 na nusu mpaka 3 kwa ile ya wati 10. Ukiweka kebo nyembamba, hata chaja ya wati 10 inakuwa kama ya wati 5 ao chini yake. Na jua kali la kujaza betri halidumu kutwa.

Kama chaja iko na matundu matatu ao manne, soma vizuri tena. Ampea zilizoandikwa zinaweza kuwa za matundu yote pamoja. Ukiweka simu nne, zinagawana.

Alama kama CE haitoshi kuwa ushuhuda, kwani mwenye kutengeneza bidhaa ya uongo anaweza kuichapa pia. Jina kubwa la kampuni nalo linachapwa vilevile. Ukiona herufi zimekosewa ao chaja ni nyepesi kama kiberiti kitupu, iache.

Hatari iko wapi

Kazi ya chaja ni kuchukua umeme wa volti 220 na kuushusha mpaka 5. Ndani ya chaja nzuri, upande wa 220 na upande wa 5 vimetengwa kwa nafasi ya milimita kadhaa na kwa plastiki ya kuzuia. Ndani ya chaja mbaya, pande hizo zinakaribiana sana. Siku moja unyevu ao joto linaziunganisha, na volti 220 zinateremka kwenye kebo mpaka kwenye mkono ao sikio la mtu.

Hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka 2016 shirika la upimaji la UL lilipima chaja 400 za uongo zilizobeba jina la Apple. Ni 3 tu zilizopita mtihani wa kuzuia umeme. Chaja 12 kati ya hizo zilikuwa na hatari ya kuua mtu kwa umeme.

Kwa hiyo, kwenye nyumba yenye grupu ao kigeuzi cha umeme cha 220, usiongee na simu iliyo kwenye chaja usiyoijua, zaidi sana ukiwa na miguu mitupu kwenye udongo ao mikono yenye maji. Usiweke simu chini ya mto ao juu ya godoro wakati inachaji. Chaja ambayo haiwezi kushikwa mkononi kwa sababu ya moto wake, ao inayonuka plastiki, kazi yake imekwisha.

Kupima hapohapo sokoni

Mnunuzi asione haya. Muuzaji mwema anakubali bidhaa yake ijaribiwe. Beba simu yako, na betri isiwe imejaa. Weka kebo, kisha itikise polepole kwenye shingo pande zote. Kama alama ya kuchaji inaenda na kurudi, rudisha. Acha simu kwenye umeme dakika 10, ushike chaja na kichwa cha kebo: uvuguvugu si shida, moto ni shida. Gusa kioo cha simu wakati inachaji. Kikiruka-ruka ao kikiandika herufi peke yake, umeme wa ile chaja ni mchafu.

Kwa simu kubwa kuna programu ya bure inayoitwa Ampere. Inaonyesha umeme unaoingia kwa betri. Pima kebo mbili kwa chaja moja na simu moja, halafu linganisha. Ile inayoonyesha namba kubwa ndiyo yenye nyuzi nzuri. Mwenye nyumba ya kuchaji anaweza kupima kebo zake zote kwa njia hiyo asubuhi moja, na kutupa zile zinazomgombanisha na wateja.

Wenye paneli nyumbani

Usiunganishe simu moja kwa moja na paneli. Paneli inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa hata volti 20 jua likiwa kali, na simu inataka 5. Pitia kwenye kirekebishi chenye tundu la USB ao kwenye betri. Mwenye betri ya volti 12 anaweza kutumia chaja ya gari, iliyoandikwa 12–24 V. Njia hiyo inapoteza umeme kidogo kuliko kupandisha mpaka 220 na kigeuzi kisha kushusha tena mpaka 5.

Kuitunza

Kebo nzuri nayo inakufa ikiteswa. Ichomoe kwa kushika kichwa, siyo kwa kuvuta kamba. Usiikunje kwa kona kali. Izungushe kwa duara pana. Kabla shingo haijapasuka, ifunge na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ao spring ya kalamu. Shingo ikishapasuka na uzi ukaonekana, usifunge utepe ukaendelea: nunua nyingine.

Kwa wachimbaji, vumbi na udongo vinajaa katika tundu la simu. Zima simu, safisha kwa kijiti chembamba cha mti kilichokauka. Usitumie sindano, kwani chuma kinaweza kuunganisha meno ya ndani na kuunguza simu.

Hesabu ya mwisho

Tuseme kebo ya rahisi ni franga 2 500 na inakufa kila mwezi. Kwa mwaka ni franga 30 000. Tuseme nzuri ni franga 10 000 na inamaliza mwaka. Tofauti ni franga 20 000, na hapo haujahesabu chaji ulizolipa na kurudi na simu nusu. Kwa familia ambayo haina 10 000 leo, hata hesabu hiyo ni ngumu. Lakini jirani wawili ao watatu wanaochaji kwenye paneli moja wanaweza kuchanga, wakanunua kebo moja fupi na nene kwa wote, na kila jioni wakarudi na simu zilizojaa.