Jiko la Nyama Choma Limeota Kutu? Msilitupe!

Wikiendi, nyama inageuzwa taratibu, ndizi pembeni, mwandani wako ubavuni. Raha iliyoje! Tatizo ni mvua. Mbeya na Iringa huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na lile jiko mlilochongewa na fundi kwa nusu pipa linanyeshewa muda wote huo. Siku mmealika mashemeji, mnafunua: kutu tupu!

Msianze kulaumiana. Kutu ni chuma kukutana na maji na hewa. Majivu yakiachwa ndani ndiyo kabisa, maana hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma.

Likagueni kwanza
Gongeni kitako kwa nyundo. Kikitoboka, mpelekeeni fundi wa kuchomelea abadilishe. Asiweke bati la kuezekea: lina zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi wenye sumu.

Kazi ya Jumamosi moja
Mmoja asugue jiko kwa brashi ya waya, kisha msasa. Mwingine ashike nyavu: azisugue, aziloweke kwenye siki usiku kucha, azisuuze. Futeni kila kitu vizuri, maana uzi wa brashi ukibaki kwenye wavu utaishia kwenye nyama. Kausheni juani.

Sasa pakeni ndani na kwenye nyavu mafuta ya alizeti, kiasi kidogo sana. Washeni mkaa, funikeni, acheni hadi mafuta yaache kutoa moshi. Rudieni mara 2 au 3. Ile ngozi nyeusi inayobaki ndiyo kinga yenu. Nje pakeni rangi ya kuhimili joto kali. Ndani msipake rangi kabisa. Na oili chafu ya gari? Marufuku!

Kila mkimaliza kuchoma, toeni majivu yakishapoa, pakeni mafuta kidogo, mfunike kwa turubai. Jiko likae juu ya matofali, si kwenye udongo.

Lisiingie chumbani
Juni na Julai baridi ya huku haina mchezo, na wengi hushawishika kulala na jiko la mkaa ndani. Jamani, msithubutu! Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje. Ndani kuna blanketi, na mwenzio yupo.