Usugu Uliojificha

Maabara humjibu daktari kwa neno moja: dawa hii yafaa, au haifai. Jibu hilo huchukulia kwamba bakteria wote waliotoka katika kidonda kimoja ni wa tabia moja. Sivyo ilivyo siku zote.

Mwaka 1996, nchini Japani, mgonjwa wa nimonia alitibiwa kwa vankomaisini asipate nafuu, ingawa kipimo cha kawaida kilionyesha kuwa bakteria wa makohozi yake, aina ya Stafilokokasi, wanadhibitiwa na dawa hiyo. Profesa Keiichi Hiramatsu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Juntendo, Tokyo, waliwachunguza kwa wingi zaidi. Mwaka 1997 walitangaza kwamba miongoni mwa bakteria milioni moja hivi alikuwemo mmoja aliyestawi penye dawa kali kuliko ile iliyowashinda wenzake.

Kwa nini kipimo hakikumwona? Hesabu yake ni nyepesi, nayo yafaa kufuatwa. Katika njia moja iliyozoeleka, kila kishimo cha sahani ya kupimia hutiwa bakteria wapatao 50,000. Ikiwa sugu ni mmoja katika 1,000,000, basi twatarajia kumkuta katika kishimo kimoja tu kati ya ishirini. Lakini ndani ya jipu bakteria huweza kufikia mamia ya mamilioni. Humo sugu ni mamia, na dawa ikishawafyeka wenzao, nafasi na chakula ni vyao.

Tena ni wajanja. Baadhi yao hupata usugu kwa kurudufu jeni ileile mara nyingi, na kwa kuwa mzigo huo ni mzito, dawa ikiondoka huutua. Ukiwaotesha tena pasipo dawa, wanaonekana kama wenzao.

Je, wachache hao wana madhara ya kweli? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwaambukiza panya bakteria wa Enterobakta ambao vipimo viliwahesabu kuwa wanadhibitiwa na kolistini. Dawa haikuwaokoa panya.

Kipimo kiwezacho kuwafichua kipo: bakteria wengi hupandwa katika sahani zenye dawa ya viwango mbalimbali, kisha wanaoota huhesabiwa. Ni kazi ya siku kadhaa, haiwezi kufanyiwa kila mgonjwa. Kwa maoni yangu, pa kuanzia ni kwa daktari: mgonjwa asipopona kwa dawa iliyosifiwa na maabara, airudishie maabara habari hiyo pamoja na sampuli mpya, kabla ya kumlaumu mgonjwa kwamba hakumeza vidonge.