Majina Halisi na Majina ya Kitamathali

Jina halisi hutaja kazi, umbo au mahali pa kitu chenyewe. Jina la kitamathali huazimwa kwa kitu kingine kinachofanana au kuhusiana na hicho kinachotajwa. Kipimajoto ni jina halisi, kwa kuwa chombo hicho hupima joto. Kidole tumbo ni la kitamathali: tumboni hamna kidole, bali kipande chembamba cha utumbo kilichochomoza mwanzoni mwa utumbo mpana.

Mwambao wa Afrika Mashariki una utajiri wa majina ya aina hii ya pili. Yule mnyama wa baharini ambaye kwa kawaida ana mikono mitano huitwa kiti cha pweza; yule mrefu, laini, atambaaye sakafuni mwa bahari, ni jongoo bahari. Mvuvi anayewataja hana haja ya kufikiria kiti wala jongoo, kwani sitiari imekwisha kuzoeleka, nalo jina linafanya kazi kama jina lingine lolote.

Si lazima pawe na mfanano. Kiboko cha kuchapia hakifanani na mnyama wa mtoni. Kilitengenezwa kwa ngozi yake, na jina likahama pamoja na ngozi.

Hapa sarufi ya Kiswahili hutoa ushahidi wa thamani kubwa. Kifaru wa porini, ingawa jina lake linaanza na ki-, hupatanishwa kama kiumbe hai: kifaru huyu amejeruhiwa. Kifaru cha vita hakina uhai, kwa hiyo husemwa kifaru hiki kimeharibika, vifaru vimeingia mjini. Jina ni lilelile, lakini kitenzi kinaonyesha ni kifaru kipi. Mtu naye anapopewa jina la kitu, upatanisho hugeuka upande wa pili. Mchapakazi akiitwa jembe, wenzake husema jembe amefika, si jembe limefika.

Hata hivyo, kutenganisha makundi haya si kazi rahisi. Kinasa sauti kinaonekana kuwa jina halisi, lakini kunasa ni kazi ya mtego, na sauti hainaswi kama ndege. Tamathali imejificha ndani ya kitenzi.

Ni makosa pia kudhani kwamba jina halisi ndilo sahihi zaidi. Teksi iliyombeba mgonjwa haiwi gari la wagonjwa, ijapokuwa maneno yenyewe yanairuhusu. Ni mazoea ya wazungumzaji yanayoamua. Kidole tumbo hutaja kiungo kimoja tu, bila utata. Waundaji wa istilahi hawana sababu ya kuiogopa tamathali, wala si lazima mfanano udumu ili jina lishike. Kipanya cha kompyuta, kwa kufuata jina la Kiingereza, kiliitwa hivyo kwa umbo lake dogo na waya uliofanana na mkia. Siku hizi vingi havina waya, na bado ni vipanya.