Mtawala na Makosa ya Walio Chini Yake

Tangu Niccolò Machiavelli, aliyewahi kuitumikia jamhuri ya Firenze nchini Italia, aandike mwaka 1513 kitabu chake Il Principe, kinachomweleza mtawala namna ya kutwaa dola na kuishika, haujaisha ubishi kuhusu iwapo kiongozi anabanwa na maadili yale yale yanayombana raia. Machiavelli hakudai kwamba uovu ni wema. Alidai kwamba anayeshikilia wema siku zote katikati ya wengi wasio wema huangamia, na kwa hiyo mtawala hana budi kujua kutenda maovu hali inapomlazimu.

Mfano alioupa uzito ni wa Cesare Borgia, ambaye, baada ya kuiteka Romagna, eneo lililojaa ujambazi na ugomvi, alimpa Ramiro de Lorca mamlaka kamili ya kulituliza. Ramiro alifaulu, lakini kwa ukatili uliozaa chuki, na Desemba 1502 mwili wake ukakutwa katika uwanja wa mji wa Cesena umekatwa vipande viwili, kwa amri ya Borgia, ili watu waamini kwamba ukatili ule ulikuwa wa mtumishi na si wa bwana wake. Hapa ndipo hoja ya ulazima inapodhihirisha udhaifu wake, kwani anayetangaza kwamba hali imemlazimu ndiye huyo huyo anayevuna utulivu, ilhali gharama hulipwa na walioteswa pamoja na aliyetumwa kuwatesa.

Tanzania ina tukio linalokwenda kinyume kabisa na hilo. Mwaka 1976, watuhumiwa waliokamatwa mikoani Mwanza na Shinyanga katika msako wa mauaji yaliyohusishwa na ushirikina waliteswa na maofisa wa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, hakuwa ameshika fimbo wala kufika mahabusu, lakini mwaka 1977 alijiuzulu, kwa sababu polisi walikuwa chini ya wizara yake. Kwamba mwaka 1985 alikuja kuwa Rais si hoja ya kuonyesha kuwa uadilifu hulipa. Uamuzi wake ungekuwa sahihi hata kama asingepata tena cheo chochote.

Mwanasosholojia Max Weber, katika mhadhara wake wa mwaka 1919 mjini Munich, alisema kwamba mwanasiasa hapimwi kwa usafi wa nia peke yake, bali pia kwa matokeo ya matendo yake anayoweza kuyatazamia. Kipimo hicho, ambacho mara nyingi hutumiwa kuwatetea viongozi wakali, kwa kweli kinawabana zaidi, maana kinawanyima utetezi wa kutojua. Nchini Tanzania, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake, na ni jambo jema. Lakini fomu ya tamko hilo haimuulizi yaliyotendwa kwa jina lake katika vituo vya polisi, na bila bunge, mahakama na magazeti yenye uhuru wa kumuuliza, atabaki kuwa hakimu wa nafsi yake.